Nesi Skulini au Kadi Mfukoni?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni anayeingia Zanzibar hutakiwa awe amekata bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44. Akianguka na vespa ya kukodi njia ya Paje, au tumbo likimkata baada ya chakula cha Forodhani, yuko wa kulipa. Mtumishi wa serikali naye ana pa kuegemea: Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2023, ulianza na watumishi wa umma na wategemezi wao. Waliobaki nje ni wengi. Mkulima wa mwani wa Jambiani, mvuvi wa Nungwi, utingo wa daladala ya Mwera, muuza urojo wa Mkunazini, hawa hawana mwajiri wa kuwakata mshahara, na watoto wao huenda skuli asubuhi bila kadi yoyote ya matibabu.

Atakayeuliza kwani matibabu Zanzibar si bure, ana haki ya kuuliza. Serikali ya Mzee Karume ilitangaza elimu bila malipo mwaka 1964 na matibabu bila malipo mwaka 1965, na tangu hapo hakuna mwanasiasa wa visiwa hivi anayethubutu kuikana ahadi hiyo hadharani. Lakini bure ya dirishani ina gharama zake nje ya dirisha: nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya mama iliyopotea kwenye foleni, na cheti cha kwenda kununua dawa mtaani ikiwa spitali haikuwa nayo. Kwa hesabu hiyo mtoto wa miaka 10 anayekojoa damu lakini anacheza mpira hapelekwi popote. Hupelekwa yule anayewaka homa.

Ndipo linapokuja wazo la kuipeleka huduma alipo mtoto, yaani skulini, bure, bila kuulizwa kadi. Marekani wamelijaribu kwa miaka mingi: Cambridge, Massachusetts, walianza mwaka 1967, Dallas mwaka 1970 na St. Paul mwaka 1973, wakilenga watoto wa familia ambazo daktari kwao alikuwa mtu wa kuonwa kwa dharura tu. Je, Unguja inafaa kufanya hivyo?

Hoja za pande zote husikika vipande vipande, afisini, ndani ya daladala, msibani baada ya hitima. Hapa zimekusanywa zikawekwa kwenye baraza moja la kutungwa, na kupewa sauti tano zisizo na majina: Mwalimu Mkuu wa skuli ya shamba, Mhasibu aliyezoea bajeti za serikali, Nesi mstaafu, Mama mkulima wa mwani, na Kijana anayesomea utabibu. Baraza la karatasini lina raha yake. Pale Jaws Corner, kwenye kahawa na siasa za Mji Mkongwe, Mama na Nesi wasingepata hata pembe ya kukaa.

Mwalimu anatoka Kaskazini, upande wa Kinyasini na Chaani, kwenye mabonde ya mpunga na vijito. Yeye haanzi na sera, anaanza na mkojo.

“Kwetu sisi kichocho si habari ya vitabuni. Mtoto akiona damu mwisho wa mkojo haendi kumwambia mamake. Ama anaona haya, ama kawaona wenzake wako vile vile, akadhani ndivyo ilivyo.”

Anachokieleza kinajulikana vizuri, pengine kuliko ugonjwa mwingine wowote wa mtoto wa skuli visiwani. Kichocho cha mkojo huletwa na minyoo inayokaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na mayai yake hutoka na mkojo. Yakifika kwenye maji baridi yenye konokono wa jamii ya Bulinus, mzunguko umekamilika: mtoto anayeoga, anayevua samaki kijitoni au anayefua humo huupata kupitia ngozi. Ukiachwa miaka kwa miaka unajeruhi kibofu na figo, unahusishwa na saratani ya kibofu, na kwa wasichana unaacha vidonda kwenye njia ya uzazi ambavyo mara nyingi hudhaniwa ni ugonjwa wa zinaa. Msichana wa miaka 13 aseme wapi jambo kama hilo?

Pemba ilianza kampeni za kuudhibiti katikati ya miaka ya 1980, na Unguja nayo ikaingia. Uwanja wa vita hivyo ulikuwa skuli. Walimu walipewa fimbo ya kupimia urefu, iliyotiwa alama za idadi ya vidonge, kwa sababu mizani ni ghali na huharibika: mtoto husimama kando ya fimbo, mwalimu husoma alama, vidonge vya prazikwanteli humezwa hapo hapo. Kikatungwa kijitabu cha picha, Juma na Kichocho, na mwaka 2006 watafiti wakachapisha tathmini ya walichojifunza wanafunzi wa msingi wa Unguja kwa kukisoma. Kisha ukaja mradi mkubwa, ZEST, ulioanza mwaka 2011 na kupimwa mara ya mwisho 2017, katika shehia 90, nusu Unguja nusu Pemba. Dawa ilitolewa mara mbili kwa mwaka, skulini na majumbani. Baadhi ya shehia zilinyunyiziwa dawa ya konokono. Nyengine ziliwekewa mabao ya kufulia, na skuli zao zikawa na Siku ya Kichocho ya michezo isiyompeleka mtoto mtoni. Ugonjwa ulishuka sana, lakini haukumalizika. Yamebaki maeneo sugu, na baadhi yake ndiyo anakotoka Mwalimu.

“Kwa hiyo msiniambie kliniki skulini ni jambo geni,” anasema. “Skuli imekuwa kliniki muda wote huo, ila ni kliniki ya siku mbili kwa mwaka na ya ugonjwa mmoja. Siku ya tatu mtoto akija na sikio linatoka usaha, mie nina bomba la maji na Panadol, basi. Na hiyo Panadol nimenunua mwenyewe.”

Mhasibu amekuwa akitikisa kichwa, si kwa kukataa bali kwa kuhesabu. Wapo wanaomwona mtu wa roho ngumu. Ukweli ni kwamba yeye ndiye pekee barazani anayeulizwa kila mwaka fedha zilikwenda wapi.

“Mwalimu, hakuna anayebishana nawe kuhusu kichocho. Lakini dawa ya kichocho ni kampeni: inakuja, inagaiwa, inakwisha. Kliniki ni mshahara wa kila mwezi, friji, kabati la dawa lenye kufuli, mtu wa kusafisha, na taka zenye sindano. Tumekwenda miaka yote hii na lengo kwamba raia asiwe mbali na kituo cha afya zaidi ya kilomita 5. Sasa zimejengwa hospitali 10 za wilaya na ya mkoa pale Lumumba. Haile Selassie na Ben Bella zote mbili mtoto anatembea kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja. Hapo unataka nijenge kliniki ya nini?”

“Sikusema ujenge.”

“Wenzako watasema. Tukishasema kliniki, atakuja mfadhili na jengo lenye bango. Nesi utamtafuta mwenyewe.”

Hapa Mhasibu ana haki kuliko wenzake wanavyotaka kukubali. Skuli nyingi za Mjini Magharibi zimeishi kwa mikondo miwili, watoto wa asubuhi wakipishana mlangoni na wa mchana, na majengo ya ghorofa ya miaka ya karibuni yamejengwa ili kuumaliza mtindo huo. Chumba kitupu skulini ni dhahabu. Ukimwambia mwalimu achague baina ya darasa na kliniki, atachagua darasa, na hatakuwa amekosea.

Lakini dawa anayoipendekeza Mhasibu ina historia yake. “Mpeni mtoto kadi,” anasema. “Kadi haina kuta. Aende Kivunge, aende Makunduchi, aende Mnazi Mmoja, Mfuko utalipa.”

Nesi anacheka. Alianza kazi wakati Mnazi Mmoja ikiitwa bado Hospitali ya V. I. Lenin, na ameona mipango mingi ikija na kuondoka.

“Mwanangu, hiyo kadi ya mtoto wenzetu wa Bara washaipitia. Iliitwa Toto Afya Kadi. Shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto wa chini ya miaka 18 anatibiwa nchi nzima. Bei ilikuwa ya kheri kabisa, hata nusu ya dola 44 za mtalii haifiki. Ikawaje?”

Ikawa kwamba Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisimamisha usajili wa mtoto mmoja mmoja. Sababu yake si siri kwa anayeelewa bima inavyofanya kazi. Bima huishi kwa michango ya wengi walio wazima ili kuwalipia wachache wanaougua. Kadi ya hiari hununuliwa kwanza na mzazi mwenye mtoto wa selimundu, wa moyo, wa pumu, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo; mzazi wa mtoto mzima hungoja. Mfuko ukawa unalipa kuliko unavyokusanya. Wazazi wakaelekezwa wawasajili watoto kwa vifurushi vya familia, au kwa makundi, kupitia shule.

“Kupitia wapi?” Mwalimu anauliza, akijua jibu.

“Shule. Umesikia vizuri.”

Kenya nayo inafaa kutazamwa. Mwaka 2018 serikali ilianzisha EduAfya, bima ya wanafunzi wa sekondari za umma, mlipaji akiwa serikali yenyewe. Kwa mzazi ilikuwa faraja kubwa: mtoto aliyevunjika mkono uwanjani alitibiwa bila simu ya usiku ya kuomba fedha. Mkataba ulipomalizika mwisho wa 2023 haukuendelezwa, na mfumo mpya wa bima ya jamii uliokuja Oktoba 2024 ukarudi kwenye kusajili kaya. Mamilioni ya wanafunzi walikuwa na kinga Disemba, Januari hawana. Hakuna nesi aliyefukuzwa wala kliniki iliyofungwa, kwa sababu havikuwapo skulini. Kilichokuwapo ni karatasi, na karatasi ikaisha muda wake.

Mhasibu anasema kwamba hata mshahara wa nesi ni karatasi, na hata huo unaweza kukatwa. Ni kweli. Ila kumwondoa mtu ambaye kila wiki watoto 40 wanamngojea kuna kelele zake, na sheha ataisikia kelele hiyo kabla ya waziri.

Kijana alikuwa kimya kwa adabu. Sasa anaomba nafasi.

“Mzee wangu, mnabishana kadi au nesi, lakini kuna swali la kabla ya hapo: kwa nini bure? Kwa nini mzazi asichangie japo shilingi 500?”

Jibu lake linatoka Busia, magharibi ya Kenya. Kuanzia mwaka 1998, wanauchumi Michael Kremer na Edward Miguel walifuatilia skuli 75 zilizopewa dawa ya minyoo kwa zamu. Utoro ulipungua kwa robo. Baadaye baadhi ya skuli hizo zikatakiwa zichangie sehemu ndogo ya gharama, na idadi ya waliomeza dawa ikaporomoka kwa asilimia 80. Si kwamba fedha zile zilikuwa kubwa. Mtoto mwenye minyoo haonekani mgonjwa, na mzazi hatoi hata shilingi kwa ugonjwa asiouona. Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, akigawana na wenzake wawili.

“Na umesahau kusema kwamba wamebishana,” Mhasibu anamkatiza.

Kijana anakubali. Mwaka 2015 takwimu za Busia zilichambuliwa upya, makosa yakaonekana, na wataalamu wakagombana hadharani mpaka ugomvi wao ukaitwa vita vya minyoo. Wengine hadi leo wanaona faida kwa masomo imetiwa chumvi. Lakini hesabu ya bei haikuguswa na ugomvi huo: tia malipo, watu watakimbia. Na hilo hapa Unguja linaeleweka bila Nobel. Muulize mzazi yeyote kwa nini mtoto wake hakupimwa macho.

Mama wa Jambiani ameweka bakuli lake la kahawa chini. Amesikiliza yote, na halimridhishi lolote.

“Mie nina swali moja tu. Nani kakuambieni mwanangu apewe dawa?”

Kimya kinatanda. Ni swali ambalo wataalamu hulipita mbio, na waliolipita mbio wamewahi kulipa. Mwaka 2008, mkoani Morogoro, watoto waligaiwa shuleni dawa za kichocho na minyoo. Prazikwanteli humletea mtu kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo la kukata, zaidi akiwa hajala kitu. Watoto wakaanza kuugua darasani. Habari zikaenea kwamba wamelishwa sumu, wazazi wakavamia shule kwa hasira, na ugawaji ukasita. Watafiti waliofuatilia baadaye hawakukuta wazazi wajinga. Walikuta wazazi ambao hakuna aliyewaeleza dawa ni ya nini, inafanya nini mwilini, na kwa nini mtoto ale kwanza.

“Leo ni kichocho,” Mama anaendelea. “Kesho chanjo ya wasichana. Keshokutwa mtamfundisha mambo ambayo mie sijamfundisha.”

Chanjo anayoisema ni ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, iliyoanza Tanzania mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Skuli ndiyo njia yake kuu. Kuhusu keshokutwa, Mama haoti. Zile kliniki za St. Paul zilianza na huduma za uzazi kwa wasichana wa sekondari, na kliniki za skuli nchini Marekani zikatumbukia kwenye ugomvi huo kwa miaka mingi, mpaka watu wakasahau kwamba kazi yao kubwa ilikuwa pumu na meno.

Nesi ndiye anayemjibu, na anamjibu kwa kukubali nusu. “Bi mkubwa, una haki. Mzazi aitwe kabla, aelezwe, atie saini au akatae. Na wa kumwita asiwe mimi peke yangu. Awe sheha, awe mwalimu wa chuoni, kwa sababu mtoto huyo huyo mchana yuko madrasa. Dawa isitolewe kabla ya uji. Lakini nami nikuulize. Mwanao akiumwa jino siku za bamvua, nani anampeleka?”

Mama hajibu mara moja. Kazi ya mwani hufuata maji. Bamvua likikupwa, wanawake wa Jambiani na Paje huingia baharini kufunga na kuvuna, siku hizo si za kupoteza, kwani kilo zinazouzwa kwa bei ya kutia huruma ndizo za daftari na sare za skuli. Bahari haiwezi kuambiwa isubiri foleni ya kituo cha afya.

“Anangoja,” Mama anasema hatimaye. “Anangoja maji mafu.”

Basi mjadala ungeishia kwenye chanjo na saini, kama Nesi asingetoa hoja ambayo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndiyo yenye uzito kuliko zote. Zanzibar ina mpango wa Jamii ni Afya, wenye wahudumu wa kujitolea zaidi ya 2,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba katika shehia zote, simu mkononi, kila ziara ikiandikwa. Wanamwandama mama mjamzito, mtoto mchanga, mtoto mpaka miaka 5. Ni mpango wa kujivunia, na nchi kubwa zimekuja kuuangalia. Lakini mtoto akitimiza miaka 5 hutoka kwenye ratiba hiyo. Chanjo zake za utotoni kamaliza, kadi yake ya kliniki inawekwa sandukuni, na hakuna tena anayemhesabu kwa utaratibu. Kama ni msichana, mfumo utamwona tena atakapobeba mimba. Kama ni mvulana, huenda usimwone kabisa. Katikati hapo kuna miaka kumi na kitu, na karibu siku zote za miaka hiyo kuna mahali pamoja panapojua yupo au hayupo: daftari la mahudhurio la skuli.

Ukishaliona pengo hilo, jengo linakuwa si muhimu tena. Nesi hataki jengo. Anataka nesi wa kituo cha afya kilicho karibu awe na siku yake maalumu katika kila skuli inayokizunguka, siku isiyobadilika, na daftari. Apime mkojo kwa kijiti, atazame weupe wa macho na viganja kwa ajili ya upungufu wa damu, masikio, meno, ngozi. Anayeweza kutibiwa hapo atibiwe. Asiyeweza apewe rufaa ya kufika kituoni na kuonwa bila kuanza foleni upya.

“Na siku ambazo haupo?” Mhasibu anauliza.

“Yupo mwalimu. Msimdharau mwalimu.”

Hilo limeshathibitishwa Tanzania hii hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wilayani Kilosa, walimu waligaiwa dodoso fupi la kuwauliza wanafunzi maradhi yao, na majibu kuhusu damu kwenye mkojo yakatosha kuzitambua skuli zilizoathirika zaidi na kichocho, bila hadubini na bila gari la watafiti. Walimu wa Unguja nao wamewahi kufundishwa kupima macho kwa chati ya herufi E. Mtoto anayeitwa mzito darasani mara nyengine ana tatizo la miwani tu.

Mfano wa zamani zaidi unatoka New York. Mwaka 1902 madaktari wa skuli walikuwa hodari wa kuwagundua watoto wenye macho mekundu, mapunye na chawa, kisha wakawarudisha nyumbani, wakarudi mitaani. Oktoba mwaka huo akawekwa nesi mmoja, Lina Rogers, katika skuli nne. Yeye alitibu hapo hapo na kuwafuata wazazi nyumbani. Mwaka mmoja baadaye, idadi ya waliozuiliwa kuingia darasani kwa maradhi ilikuwa imeshuka kutoka 10,567 mwezi Septemba 1902 hadi 1,101 Septemba 1903. Hospitali New York zilikuwapo tele. Lililokosekana ni mtu wa kuvuka barabara.

Ndiyo maana ile hoja ya kilomita 5, nzuri kama ilivyo, haimalizi jambo. Umbali wa kituo ni kitu kimoja, na sababu ya kukiendea ni kitu chengine.

Vile vile orodha ya huduma isiwe moja kisiwa kizima. Konokono anayebeba kichocho anapatikana kaskazini na katikati, kwenye vijito na mabonde. Kusini na mashariki, kwenye ardhi ya mawe, ugonjwa huo hauambukizwi. Kumpima mkojo kila mtoto wa Jambiani ni kupoteza vijiti. Huko nesi aanze na meno, macho na damu. Kinyasini aanze na mkojo, na arudi tena baada ya wiki chache, kwa kuwa dawa huua minyoo iliyokomaa tu wala haimkingi mtoto anayerudi kijitoni jioni ile ile. Kampeni ya mara mbili kwa mwaka haiwezi kumwona huyu. Nesi wa kila wiki atamwona, tena atamjua kwa jina.

Imebaki fedha, na kwenye fedha Kijana anapata wazo: “Zile dola 44. Wageni wanaingia kwa maelfu. Tukichukua dola moja moja…”

“Ile ni bima, si kodi,” Mhasibu anamkata. “Ina wenyewe, na madai yake. Kesho mtalii akihitaji ndege ya kumpeleka Nairobi utamwambia fedha zimenunuliwa vijiti vya mkojo?”

Wafadhili je? Anayetaka kujua mwisho wa hisani apite Mizingani atazame jumba lenye baraza za mbao za kuchonga, linaloitwa Dispensari ya Zamani. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 na tajiri Tharia Topan, kwa nia ya kuwa hospitali ya maskini. Alifariki kabla halijakamilika. Likaja kuwa zahanati ya hisani kwa miaka mingi, fedha zikitoka kwa matajiri wa Kihindi wa mji. Baada ya Mapinduzi likaachwa likachakaa, mpaka Aga Khan wakalikarabati miaka ya 1990 na kulifanya kituo cha utamaduni. Ni zuri kupita kiasi, na watalii hulipiga picha. Mgonjwa hatibiwi humo. Hata ZEST, pamoja na kazi yote iliyofanya, ilikuwa na tarehe ya kumalizika.

Zimebaki hazina ya serikali na Mfuko. Mwandishi anaegemea upande huu: huduma ya skulini ilipwe kwa idadi ya wanafunzi wa skuli nzima, bila kutazama mzazi gani amechangia na yupi hakuchangia. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 1,346,332 Unguja, na sehemu kubwa yao ni watoto. Kuwachambua mlangoni, huyu ana kadi, huyu hana, kutagharimu karani, kompyuta na aibu, na pengine kutazidi bei ya dawa yenyewe. Hatari iliyopo si kwamba bima itafutwa. Hatari ni kwamba itafanikiwa, itapanuka polepole kwa wenye ajira rasmi, na neno “bure” la mwaka 1965 litabaki na maana ya wale ambao kadi haijawafikia, na huduma yao itakuwa ya mabaki.

Mhasibu hakubali yote. Anataka ushahidi wa hapa hapa. “Anzeni Kinyasini na Chaani, mwaka mmoja. Nileteeni idadi ya waliopimwa, waliotibiwa, waliopewa rufaa wakafika. Nikiwa nayo nitaweza kusimama Chukwani mbele ya Wawakilishi.”

“Majaribio tumeshafanyiwa,” Mwalimu anasema, na kwa mara ya kwanza sauti imempanda. “Miaka thelathini watoto wangu wanatia mkojo kwenye vichupa vya watu. Hatukatai kupimwa. Tumechoka kuwa ushahidi. Tia kwenye bajeti, kisha hesabu.”

“Basi niambie nitie kwenye kifungu gani. Nesi ni wa Wizara ya Afya, chumba ni cha Wizara ya Elimu. Nauli yake ya kwenda skuli nne kwa wiki ni ya nani?”

Wanabishana hapo kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya jambo jengine lolote, na mwenye uzoefu wa serikali hatashangaa. Mwalimu, ambaye angeweza kuitaka fedha hiyo ipitie kwake, anasema iwe Afya. Daftari la nesi lazima lirudi naye kituoni jioni, anasema, kwa sababu majibu ya mkojo wa mtoto hayana kazi juu ya meza ya mwalimu mkuu, na watoto wakijua yanakaa pale hawatakojoa kwenye kichupa tena.

Mhasibu anaandika: Afya, usafiri, skuli nne. Mama anamwambia aongeze kwamba barua za wazazi ziende wiki moja kabla, na zipitie kwa sheha.